Milango Ishirini na Mitatu ya Thanong

Nyumba Na. 41,
Kichochoro cha Wat Chomnam,
Thonburi, Bangkok.
Tarehe 3 Novemba, 2023.

Mpendwa Dada Rampha,

Salamu zangu zikufikie huko Luleå, zipite kwenye theluji yote hiyo bila kuganda njiani. Magoti yanasemaje? Mwanao Kanda aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ukipanda ngazi unapumzika kila hatua ya tatu. Vaa zile soksi za sufu nilizokutumia, hata kama mkweo Torbjörn anazicheka rangi. Yeye hana magoti yaliyohudumia wageni miaka thelathini.

Mimi ni mzima. Sukari imeshuka, daktari akanisifu, nami nikajisifu zaidi, na jioni ile ile nikala wali wa kunata na maembe kama mtu aliyetoka kifungoni. Paa la upande wa jikoni limezibwa. Mfereji umejaa lakini haujaingia ndani mwaka huu.

Sasa kaa chini. Usiisome barua hii umesimama, wala usiisome mbele ya Torbjörn, maana utacheka au utalia na yeye atataka atafsiriwe.

Habari ni ya Thanong.

Najua. Mwaka juzi uliniandikia niachane naye, ukasema umeshasahau, ukasema huko uliko watu hata jina lake hawawezi kulitamka. Niliisoma barua ile mara mbili, nikaikunja vizuri, nikaiweka kwenye bati la chai. Na sikukutii. Mimi ni mdogo wako na nimekutii mambo mengi, lakini hilo hapana.

Asubuhi ile unaikumbuka kuliko mimi, ila niache niiandike, maana nimeibeba miaka saba. Ulikuwa na vyumba vinne vya wageni na kibaraza chenye maua. Yule dalali Thanong alitaka uwapeleke wageni wako kwenye duka la vito la shemeji yake, wauziwe vioo kwa bei ya yakuti. Ukamwambia wageni wako wamekuja kuona mji, hawakuja kuchinjwa. Siku ya tatu pete ya yule mwalimu Mkorea ikapotea, pete ya marehemu mama yake, na Thanong akatokea mlangoni na watu nyuma yake kabla hata yule mama hajamaliza kuitafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mto wako wa kulalia. Nani anayetafuta pete ya mgeni ndani ya mto wa mwenye nyumba? Lakini siku ile hakuna aliyeuliza. Walisikia tu anavyopiga kelele, "Mwizi! Mnamwona? Huyu ndiye anayetuharibia jina la mji!"

Na wewe ukanyamaza. Hilo ndilo lililonichoma. Ulimrudishia yule mama pete kwa mikono miwili, ukapiga magoti, ukaomba radhi kwa kosa ambalo si lako.

Basi mwaka jana, mwezi wa Aprili, siku za mwaka mpya za kumwagiana maji, Lamduan alikuja kwangu. Ndiye, yule aliyekuwa akikufagilia vyumba. Alikuja na bakuli la maji ya asumini kunimwagia mikononi kama desturi, na bakuli lote akalimwaga kwenye sketi yangu. Akaanguka miguuni. Yeye ndiye aliyeitia pete kwenye mto. Thanong alimwahidi mume wake kazi ya ulinzi dukani, na kazi ile wameila miaka yote. Daktari alikuwa amemwona uvimbe tumboni, akaogopa kufa nao moyoni. (Uvimbe umetolewa, yuko salama. Nilifurahi, kwa sababu nilimhitaji akiwa hai.)

Nikamwambia, "Njoo useme mbele ya watu."

Akalia, "Dada Pranom, mume wangu atafukuzwa kesho yake. Siwezi. Nipige, lakini siwezi."

Sikumpiga. Wala sikukuandikia. Nilikaa siku mbili nikifunga makoja ya maua, na kila asumini niliyoitoboa kwa sindano nilikuwa namtoboa mtu. Nilifikiri: nikienda kumshitaki, atasema ni maneno ya mfagiaji mgonjwa. Nikimtukana, atacheka. Thanong anaishi kwa kitu kimoja tu, uongo anaowauzia wageni langoni mwa hekalu la Wat Chomnam. Basi nitakwenda kuuziba mdomo ule pale pale unapofungukia.

Nikahamisha meza yangu ya maua kutoka sokoni, nikaiweka langoni, hatua kumi kutoka kwake.

Unamjua anavyosimama. Shati jeupe lililopigwa pasi, kitambulisho cha bandia shingoni, nywele zimelowekwa mafuta. Mgeni akishuka tu, yeye anainama kwa heshima zote: "Pole sana, leo pamefungwa. Watawa wanasali mpaka saa nane. Lakini una bahati, kuna Buddha mwingine hapa karibu, na bajaji hii itakupeleka karibu bure." Huyo Buddha mwingine ana milango miwili, na mmoja unaingia dukani.

Siku ya kwanza walikuja mume na mke weupe, wamechomwa na jua kama kamba wa kuchemsha. Thanong akainama. Akasema pamefungwa. Na mimi kutoka mezani kwangu nikapaza sauti, kwa Kiingereza changu cha wageni wako:

"Pamefunguliwa! Ingieni! Vueni viatu!"

Wakanitazama, wakamtazama, wakaingia.

Thanong akaja taratibu, akitabasamu. "Bibi wa maua, uza maua yako."

"Ninauza. Ukweli natoa kama nyongeza."

"Utachoka."

"Nilipumzika miaka sita, Thanong. Nina nguvu kama ng'ombe."

Nilikwenda kila siku, jua na mvua. Kiingereza hakikutosha, kwa hiyo kila mgeni aliyenunua koja nilimwomba aniambie neno hilo moja kwa lugha yake, nikaliandika kwa herufi zetu kwenye kipande cha boksi. Sasa ninajua kusema "pamefunguliwa" kwa lugha kumi na nne, na sijui neno lingine lolote katika kumi na mbili kati ya hizo. Mzee mmoja wa Kijapani aliposikia namwita kwa lugha yake aliinama mpaka nikaona kisogo chake. Akafikiri ni ukarimu. Dada, nilikuwa namtazama Thanong juu ya kisogo kile.

Kisha nikaona kumfungulia mgeni lango hakutoshi. Akitoka hekaluni amechoka, ana kiu, hajui njia, anarudi mikononi mwa yule yule. Nikaanza kujiuliza usiku na mchana: mgeni anahitaji nini hasa? Swali ulilokuwa ukijiuliza wewe kwa mapenzi, mimi nikajiuliza kwa nia mbaya. Nikaleta viti vitatu na mwavuli mkubwa. Nikaleta ndoo ya maji yaliyochemshwa na barafu. Nikamwomba Bi Ngek wa vitumbua vya nazi awafungulie choo chake, naye akakataa kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mfereji, kisha akakipiga deki na kuwawekea sabuni mpya. Nikaanza kuwaandikia wageni jina la hoteli yao kwa Kithai kwenye kikaratasi, wamwonyeshe dereva. Kila glasi ya maji niliyompa mgeni ilikuwa inamwagika kwenye moto wa Thanong, na nilikuwa nausikia unavyolia *shii*.

Siku moja alinishinda. Kulikuwa na mazishi ya mtawa mkuu wa zamani na hekalu lilifungwa kweli, mimi sina habari. Familia kutoka Peru ikashuka, baba, mama na binti mdogo. Thanong akasema pamefungwa. Nikapiga kelele, "Pamefunguliwa!" Wakaenda, wakagonga lango, wakarudi wanaona aibu. Madereva wote wa bajaji walicheka mpaka wakashika usukani. Thanong akanipigia magoti pale barabarani, kiganja kwa kiganja, kama mbele ya malkia.

"Mama wa ukweli!" akasema. "Tufungulie basi!"

Uso wangu uliwaka. Lakini yule binti alikuwa anataka choo, na Bi Ngek hakuwepo, kwa hiyo nikawachukua wote watatu nikawaleta nyumbani. Nyumbani kwako, Dada. Nilifungua mlango wa kibarazani kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Vumbi lilikuwa nene, popo wamekaa chumba cha nne. Nikawapikia uji wa mchele na tangawizi kama ulivyokuwa ukiupika, wakaketi wakitazama maji yanavyopita chini yao, na yule baba akauliza nyumba hii nzuri ni ya nani.

"Ya dada yangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

Nikasema umekwenda sokoni.

Tangu siku hiyo hasira yangu ilibadilika, ikatulia kama kisu kilichonolewa vizuri. Asubuhi iliyofuata nilikuwa langoni kabla ya Thanong.

Madereva ndio waliovunjika kwanza. Bunlert, yule mwenye bajaji ya kijani, alikuja mezani kwangu akijifanya anachagua koja. "Mama, wageni wanaotoka kwako huwa wanaelekea wapi?"

"Wanaelekea mahali wanapotaka wao."

"Basi nipe mmoja nimpeleke anapotaka yeye. Tangu Jumatatu sijapata hata safari moja. Thanong anatulisha maneno."

Nikamwambia aandike nauli kwenye ubao, herufi kubwa, na akimpitisha mgeni dukani nitachoma matairi yake kwa mkono wangu. Akacheka. Aliponitazama vizuri akaacha kucheka. Wiki ile ile wenzake wawili wakamfuata. Mwezi wa saba mwaka huu duka la vito likamtoa Thanong, na likamtoa mlinzi wake pia, mume wa Lamduan. Unaona? Kile Lamduan alichokuwa anakiogopa kikamkuta bila yeye kusema neno. Bunlert alimtafutia mumewe bajaji ya kukodi, na mdomo wa Lamduan ukafunguka wenyewe.

Katikati ya hayo akaja binti mmoja na fomu, katumwa na ofisi ya utalii, anazunguka mitaa akiuliza watu ni kitu gani kinachoufanya mji wetu uwakaribishe wageni. Alikuwa amesikia habari zangu. Akakaa chini ya mwavuli wangu, akanywa maji yangu.

"Mama, nini kilichokusukuma kuwafanyia wageni wema wote huu?"

"Chuki," nikamwambia.

Akacheka sana. Nikamwona anaandika *upendo*. Nikamwacha. Baadaye wakaniletea cheti chenye muhuri wa dhahabu, kiko jikoni, nimekilaza juu ya pipa la mchele ili panya wasifunue.

Thanong alikuja tarehe kumi na tisa Septemba, saa sita mchana, mvua imekatika muda huo huo. Shati halikuwa na pasi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, na nilivyo mjinga mkono wangu ulishaanza kumchotea maji kwa mazoea. Nikaurudisha.

"Dada Pranom," akasema. Miaka yote nilikuwa bibi wa maua, siku hiyo nikawa dada. "Nimeshindwa. Niambie unataka nini, niishi."

"Nataka mdomo wako. Uliutumia kichochoroni kwetu miaka saba iliyopita. Urudi nao pale pale."

Akasema, "Nitakwenda kwa mtawa, nitaungama kwake."

"Mtawa hakumwita dada yangu mwizi. Kichochoro kizima ndicho kilichomwita. Utabisha milango yote ishirini na mitatu, mmoja mmoja, useme ulichofanya, na Lamduan atasimama kando yako kukukumbusha ukisahau."

"Utaniua kwa aibu."

"Hapana. Dada yangu hakufa. Alihama tu."

Alikubali Jumamosi, watu wakiwa nyumbani. Nilivaa ile blauzi yako ya samawati, ya sherehe. Nilitembea nyuma yake hatua tatu, sikusema neno lolote, nilibeba mwavuli tu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mzee Chuchip kinyozi, yule aliyeacha kukusalimia. Thanong alinong'ona. Mzee aliweka wembe chini, mteja wake ana povu nusu uso, akaniangalia mimi, siyo yeye, na macho yake yakajaa maji. Sikumsaidia.

Mlango wa tano ulikuwa wa Bi Ngek. Thanong akasema yote. Bi Ngek akaweka kiganja sikioni. "Nini? Sisikii vizuri siku hizi." Akarudia. "Pete ya nani? Paza sauti, mwanangu, mimi mzee." Dada, Bi Ngek anasikia kitumbua kikiungua akiwa hekaluni! Alimrudisha mara nne, na kila mara sauti ikipanda, madirisha ya jirani yakifunguka, mpaka mara ya nne Thanong alikuwa anapiga kelele kama ile asubuhi, ila safari hii alikuwa anasema, "Mimi ndiye mwongo! Rampha hakuiba kitu!"

Mlango wa saba ulikuwa wa wakwe zake mwenyewe, na mkewe Mali alikuwa pale akiwatembelea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Ukimaliza yote atakayokuamuru Pranom, ndipo uje nyumbani." Akafunga mlango.

Nilifurahi. Sitakudanganya wewe uliyenilea. Kila mlango ulikuwa mtamu kuliko ule uliotangulia, na nilitamani kichochoro kiwe kirefu mpaka Chiang Mai, kaskazini kabisa.

Mlango wa ishirini na tatu ni wetu. Alipiga magoti mbele ya picha ya marehemu mama. Alisema ulichofanyiwa, na alisema mama alikufa akiamini mwanawe hakuja kumuaga kwa sababu ya aibu, na kwamba aibu ile aliitengeneza yeye. Hilo sikumwagiza aliseme. Lilitoka lenyewe.

Na hapo, Dada, utamu ukaniishia mdomoni. Picha haikujibu. Nilitazama ile mikunjo ya shingoni mwa mama, na nikajua kuna mlango mmoja ambao hakuna mtu atakayeubisha tena. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, mbele yake, wala sikuona haya. Lamduan akanishika. Thanong akauliza kwa sauti ndogo kama amesamehewa.

Nikamwambia mwenye kusamehe hayupo, yuko kwenye baridi. Mimi kazi yangu ni nyingine.

Basi nikamhukumu. Sasa anasimama langoni kwa Wat Chomnam kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, bila kitambulisho cha uongo, anawaambia wageni, "Pamefunguliwa, karibuni, vueni viatu." Nimempa lile boksi langu la lugha kumi na nne. Kikorea anakitamka vibaya, namsahihisha mbele ya watu. Anajaza ndoo ya maji. Anaosha choo cha Bi Ngek, ambaye ghafla ameanza kuona uchafu usioonekana kwa macho ya binadamu. Wageni wanampenda, wanapiga naye picha, na kila anayemshukuru namwona anavyomeza mate.

Juzi aliniuliza mpaka lini.

Nikamjibu, mpaka siku dada yangu atakaposhuka kwenye bajaji ya Bunlert hapo langoni, kwa miguu yake mwenyewe, na yeye Thanong amkaribishe kwa jina lake kamili.

Popo nimewatoa. Chumba cha nne nimekipaka chokaa, na kitanda chako nimekianika. Kichochoro kizima kinauliza tarehe, hata Mzee Chuchip, ambaye anataka kukuomba radhi na hajui aanzie wapi. Nimekukumbuka, Dada, kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini mvua zimekwisha, na baada ya miezi michache litaanza lile jua la Machi na Aprili, ambalo hata lami inalia, na pale anaposimama yeye hakuna kivuli. Mwavuli ni wangu. Kwa hiyo panga safari yako polepole. Pona magoti kwanza. Ningekuomba urudi kesho, na nikimtazama Thanong ninakuomba uchelewe kidogo.

Nisalimie Kanda, umwambie mama mdogo anamdai picha za watoto. Nisalimie Torbjörn, na umtafsirie sehemu ya paa tu. Wajukuu wako, Elin na mdogo wake Prasit, wabusu kwa niaba yangu na kwa niaba ya marehemu mama yetu. Lamduan ameniomba niandike jina lake hapa. Nimeliandika. Utaamua mwenyewe kama utalisoma.

Njia zako zote ziwe kavu, na popote utakapobisha wakufungulie kwa furaha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyesahau kitu,

Pranom